Orodha ya Kampala, Sanduku la Koboko

Orodha yenyewe ilikuwa ya kurasa chache tu. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Uganda huiweka wazi kwa kila anayetaka kuisoma: madalali wa hisa, washauri wa uwekezaji, wasimamizi wa mifuko, wote waliopewa leseni, kila mmoja na jina la kampuni yake. Niliipiga chapa katika duka moja la intaneti jijini Kampala, nikaikunja na kuitia mfukoni. Madalali wa hisa wa Uganda wana makao yao Kampala. Nilitaka kujua karatasi ile inabaki na nguvu gani mtu akiivusha mto Nile na kuifikisha Koboko, mji ambao Kongo iko upande mmoja na Sudani Kusini upande mwingine.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuandika habari za akiba na mitaji ya watu wa kawaida, na kwetu Tanzania jambo hili lina kidonda chake. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha DECI, iliyowaambia watu wapande mbegu ya fedha ili waje wavune zaidi ya walichopanda. Viongozi wake wakatiwa hatiani mwaka 2013. Waliopanda waliingizwa na jamaa zao, majirani zao, watu wa kanisa lao. Uganda nayo ilipata msiba wake Desemba 2019, pale Dunamiscoins, kampuni iliyokuwa na ofisi Masaka na Kampala na kujitangaza kwa jina la sarafu za kidijitali, ilipofunga milango na kuwaacha maelfu ya watu barabarani. Kila mara msiba kama huu ukitokea, mamlaka husema kampuni ile haikuwa na leseni. Ni kweli, haikuwa nayo. Lakini mwananchi angeijuaje leseni hiyo, na angeiulizia kwa nani? Swali hilo ndilo lililonipandisha basi.

Mabasi ya West Nile huondokea Arua Park, katikati ya Kampala, mahali ambapo Kilugbara, Kiarabu cha Juba na Kiswahili husikika kuliko Kiganda. Magodoro, mabati, katoni za sabuni na majenereta hupandishwa juu ya basi mpaka ukashangaa litaondokaje. Nilichagua gari la mchana kwa sababu nilitaka kuiona njia, nami sikujuta. Luwero, Kiryandongo, kisha Karuma, ambako nyani hukaa kando ya lami wakingoja ndizi za abiria na maji hupiga mawe kwa kishindo chini ya daraja. Ukishavuka hapo unakata kushoto, unaambaa na pembe ya kaskazini ya mbuga ya Murchison Falls mpaka Pakwach. Pale Nile inatoka Ziwa Albert ikiwa pana na tulivu, na wachuuzi wanakimbilia madirisha na samaki wakavu. Daraja la Pakwach ukilivuka, umeingia West Nile.

Jirani yangu kitini alikuwa mama mfanyabiashara wa vitenge anavyovinunua Ariwara, soko kubwa lililo ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Aliiona orodha mapajani mwangu akataka kujua ni ya nini. Nikamweleza kwamba hawa ni watu walioruhusiwa na serikali kununua na kuuza hisa kwa niaba ya wengine, au kumshauri mtu aweke fedha zake wapi.

"Hawa ndio wanaozishika pesa," akauliza, "au ndio wanaozilinda?"

"Wanazishika, mama. Anayewalinda wenye pesa ni Mamlaka inayowapa leseni."

"Na huyo Mamlaka anakaa wapi?"

"Kampala."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye simu yake. Ndani ya simu hiyo, niliona baadaye, alikuwa akipokea malipo kutoka Juba na kulipa deni Ariwara kabla hatujafika Nebbi.

Sheria iliyoiunda Mamlaka ni ya mwaka 1996. Soko la Hisa la Uganda likafuata mwaka 1997, na biashara yake ya kwanza ikafanyika Januari 1998 kwa hati fungani ya Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki. Kampuni ya kwanza kuorodhesha hisa ilikuwa Uganda Clays, watengeneza vigae wa Kajjansi, mwaka 2000. Kwa hiyo tunazungumzia taasisi yenye umri wa mtu mzima, na Arua, niliposhukia kwanza, nayo si kijiji. Ni jiji tangu Julai 2020, lina soko kubwa la ghorofa, mabenki na maduka ya kubadilisha fedha. Nilipozunguka mji ule asubuhi ya kwanza nilitarajia kukuta historia mbili zisizogusana, ya soko la mitaji na ya West Nile. Nilikuta moja.

Kwa vizazi kadhaa wakulima wa Arua, Maracha na Koboko walilima tumbaku, na mnunuzi wao mkubwa alikuwa British American Tobacco. Kampuni hiyo ya Uganda ni miongoni mwa za kwanza kabisa kuingia katika soko la hisa la Kampala, mwaka ule ule wa 2000. Jasho la West Nile basi lilikuwa ndani ya soko tangu mwanzo. Nilimkuta mzee aliyelima zao hilo tangu ujana wake, sasa analima muhogo na ufuta, ameketi nje ya duka la mwanawe. Nikamuuliza kama aliwahi kusikia kwamba hisa za kampuni ya tumbaku ziliuzwa kwa wananchi.

"Habari hiyo haikufika huku," alisema. "Labda ilisemwa redioni. Lakini hata kama ningeisikia, mgeni wangu, nani angeniuzia? Mnunuzi wa majani alikuja na mizani. Muuza hisa hatukumwona."

Miaka ikaenda. Mwaka 2012 kampuni ya umeme, Umeme, ikaingia sokoni na wengi wakafaidika na gawio lake. Arua wakati huo haikuwa hata kwenye gridi ya taifa, ikitumia umeme wa kampuni nyingine ndogo ya mkoa, WENRECO. Kisha mambo yakageuka ghafla. Mwaka 2021 MTN Uganda ilipouza hisa zake kwa shilingi 200 kila moja, mtu aliweza kujiandikisha na kulipa kwa simu akiwa popote penye mtandao. Airtel Uganda ikafuata mwaka 2023 kwa shilingi 100 kwa hisa. Mauzo yote mawili hayakufikia idadi iliyotolewa, na wachambuzi wa Kampala wameandika mengi kuhusu bei na ukubwa wa mauzo hayo. Mimi nilichokiona Arua ni hiki: simu ilikuwa imelifikisha soko mlangoni kwa mkulima kabla ya mtu yeyote kumfikishia maelezo. Kununua kumevuka Nile. Ushauri ulio na leseni umebaki ng'ambo. Na pengo la namna hiyo halikai tupu.

Kuna jambo jingine la Arua ambalo mtu wa usimamizi wa masoko anapaswa kulijua. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Waliporudi, vijana wengi wao walianza kuuza mafuta ya magari yaliyoletwa kwa magendo kutoka ng'ambo, wakiyapanga kandokando ya barabara katika madumu na chupa. Mji ukawaita vijana wa OPEC. Watafiti wameandika juu yao, kwa sababu ya utaratibu wao: walikuwa na viongozi, walikuwa na maeneo yaliyogawanywa, na aliyechakachua au kumwibia mteja alishughulikiwa na wenzake. Serikali iliwatambua bila kuwatambua. Sisemi magendo ni mema. Nasema mji huu uliishi miaka mingi chini ya usimamizi wa watu wanaojuana kwa sura, na usimamizi huo ulifanya kazi kwa kiasi chake. Mtu anayetoka Kampala na karatasi yenye muhuri anaingia mahali ambapo tayari pana sheria.

Barabara ya Koboko ni lami nzuri inayotoka Vurra mpakani mwa Kongo, ikapita Arua na Maracha, ikaenda hadi Oraba mpakani mwa Sudani Kusini. Nilipanda teksi asubuhi na mapema. Miembe mikubwa pande zote, mashamba ya muhogo, hapa na pale vibanda vya zamani vya kukaushia tumbaku. Abiria walizungumza Kilugbara mpaka tukapita Maracha, kisha Kikakwa kikaanza kusikika, na kila walipotaka kunijumuisha walihamia Kiswahili bila kusita. Kwa watu wa huku ni lugha ya biashara na ya kambi za jeshi, na kwa Wanubi na wengi waliorudi kutoka Kongo ni lugha ya nyumbani.

Koboko ilijitenga na Arua na kuwa wilaya mwaka 2005. Mji wake umekaa kibiashara kabisa: maduka ya jumla, malori ya kwenda Juba, wabadilishaji fedha wenye mafungu ya pauni za Sudani Kusini, faranga za Kongo, dola na shilingi. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alinipeleka moja kwa moja kwenye kikundi cha kuweka na kukopa kilichokuwa na mkutano siku hiyo katika darasa la shule ya msingi, upande wa Lobule. Lobule kuna makazi ya wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao Wakakwa kama wenyeji wao, na kikundi kile kilikuwa na wanachama wa pande zote mbili. Mwenyekiti alikuwa Hajati mmoja wa makamo, sauti yake ndogo, lakini akisema watu wananyamaza.

Naomba nilieleze sanduku lao kwa utulivu, maana ndilo nililolifuata bila kujua. Ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo. Halifunguliwi ila mbele ya wanachama wote. Kabla ya kulifungua, Hajati aliuliza: mara ya mwisho tuliacha shilingi ngapi? Watu wakajibu kwa pamoja, kwa kichwa, bila daftari. Ndipo likafunguliwa, zikahesabiwa na watu wawili, zikalingana. Kila aliyeweka akapigiwa muhuri katika kijitabu chake. Aliyechelewa akalipa faini kwenye bakuli la pembeni, akacheka, wakacheka naye.

Ukiwa umesoma sheria za udalali wa hisa, utalitambua sanduku hilo. Dalali mwenye leseni anatakiwa aweke fedha za wateja katika akaunti yao peke yake, zisichanganyike na za kampuni yake: huyo ni mwenye sanduku asiye na ufunguo. Anatakiwa atoe hati kwa kila anachonunua au kuuza: huo ni muhuri wa kijitabu. Hisa zenyewe hazikai kwake, hukaa katika hazina kuu ya kielektroniki ya Soko kwa jina la mwenye nazo, chini ya sheria ya mwaka 2009. Hesabu zake hukaguliwa, na Mamlaka inaweza kuingia ofisini, kupekua vitabu, kusimamisha leseni au kuifuta. Watu wa Koboko hawahitaji kufundishwa kwamba anayeshika fedha za wengine lazima aangaliwe. Wanalijua hilo kuliko maprofesa. Wanachokosa ni habari kwamba serikali nayo imeweka kufuli zake, na ziko wapi.

Mkutano ulipokwisha, Mwalimu akanitambulisha kuwa mgeni kutoka Tanzania anayeandika mambo ya fedha. Mzee mmoja akanyanyua mkono papo hapo. Kikundi chao kinakaribia kugawana akiba ya mwaka, alisema. Baadhi yao wangependa sehemu isiliwe, ifanye kazi. Wamesikia hisa za kampuni za simu, wamesikia hati fungani. "Wewe unajua haya. Tuambie tununue nini."

Macho yote yakanigeukia. Nikawajibu kwamba siwezi kuwaambia wanunue nini, kwa sababu mimi si mshauri mwenye leseni.

Darasa likanyamaza, kisha minong'ono. Mama mmoja kutoka Kongo akauliza kwa Kiswahili cha kwao: hata maneno yanaombewa ruhusa?

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika safari ile, na nilikaa nalo muda mrefu. Kulizungumza jambo la uwekezaji hakuna anayekukataza. Sheria za namna hii duniani, ikiwemo ile ya Marekani ya mwaka 1940 ambayo nyingine nyingi zimeiga, humwacha wakili, mwalimu au mwandishi wa gazeti anayeligusa jambo hilo ndani ya kazi yake ya kawaida. Sheria inamhusu mtu pale anapofanya ushauri kuwa biashara: anakuangalia wewe, na fedha zako, na kukuambia weka hapa, kisha analipwa. Na hapo, niliwaambia, la kwanza kulijua ni nani anamlipa. Akilipwa na wewe, yuko upande wako. Akilipwa na anayeuza, yuko upande wa anayeuza, hata kama ni mtoto wa dada yako. Leseni inamlazimisha aseme wazi analipwa na nani. Inamlazimisha aonyeshe elimu yake, jina lake la kweli, na kama amewahi kufilisika au kufungwa kwa wizi. Akikudanganya, kuna mahali pa kumshtaki ambapo tayari wanamjua.

Nilipofika hapo Hajati alifungua mkoba wake, akatoa bahasha.

Ndani yake mlikuwa na karatasi za kampuni moja ambayo sitaitaja. Kijana wa ukoo unaojulikana Koboko alikuwa amezileta. Ukiweka fedha, zinafanyiwa biashara ya sarafu za kigeni mtandaoni, na kila mwezi unapata asilimia 30. Ukimleta mwingine unaongezewa. Kulikuwa na nakala ya cheti cha usajili wa kampuni, chenye nembo ya taifa, na namba ya mlipakodi. "Hiki," Hajati aliniuliza, akiweka kidole juu ya nembo, "si ndiyo leseni?"

Hapana. Na hapa ndipo watu wengi sana wameangamia, Masaka, Kampala, Dar es Salaam, Nairobi. Usajili unasema kampuni ipo. Mtu yeyote anaweza kusajili kampuni, ya kuuza karanga au ya kujenga madaraja. Leseni ya Mamlaka ni kitu kingine: inasema kampuni hii imekaguliwa na imeruhusiwa kushika fedha za watu za uwekezaji au kuwashauri. Kufanya biashara hiyo bila leseni hiyo ni kosa la jinai. Benki Kuu ina orodha yake ya mabenki na maduka ya fedha za kigeni. Taasisi ndogo za mikopo zina msimamizi wao tangu sheria ya mwaka 2016. Mwenye hisa na ushauri ana Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Cheti cha usajili peke yake hakimo katika orodha hata moja kati ya hizo.

Nilitoa karatasi yangu mfukoni. Tukaipitia pamoja, Mwalimu akisoma kwa sauti, jina baada ya jina. Kisha kijana mwenye simu akaitafuta orodha ya sasa mtandaoni, ili tusitegemee karatasi. Jina la kampuni ya kwenye bahasha halikuwemo.

Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa amesema neno mchana wote, alisema alikuwa ameshaweka fedha alizotumiwa na mwanawe kutoka Juba, na mwezi wa kwanza alilipwa. Nikamweleza kwamba malipo ya mwezi wa kwanza kwa kawaida hutoka kwenye fedha za waliokuja baada yake. Akauliza amwendee nani. Nilimpa namba ya Mamlaka ya Kampala, nikamshauri aandikishe maelezo yake polisi pia, na atunze kila ujumbe wa simu. Nilihisi jinsi jibu lile lilivyokuwa dogo. Mama wa Koboko, asiyesema Kiingereza wala Kiganda, apige simu mji mkuu, ulio umbali wa zaidi ya kilomita 500.

Mwalimu ndiye aliyeuliza lililobaki, tukirudi mjini kwa boda. "Na wenye leseni, wao hawaibi?"

Wameiba. Nairobi, Machi 2008, Nyaga Stockbrokers, dalali aliyekuwa na leseni na maelfu ya wateja wadogo, aliwekwa chini ya msimamizi maalumu baada ya kushindwa kutimiza wajibu wake, mwezi ule ule ambao Wakenya walikuwa wakipanga foleni kununua hisa za Safaricom. Huko New York, Desemba mwaka huo huo, alikamatwa Bernard Madoff, mtu aliyesajiliwa na msimamizi wa Marekani, na vitabu vyake vilionyesha wateja wana dola bilioni 65 ambazo hazikuwepo. Msimamizi alikuwa ameonywa juu yake zaidi ya mara moja. Leseni haimgeuzi mtu kuwa mwema. Lakini ipo tofauti, na si ndogo. Wateja wa Nyaga walikuwa na mfuko wa fidia, uliowalipa hadi shilingi 50,000 za Kenya kila mmoja. Kiasi kidogo kwa aliyepoteza kingi, lakini kwa mwenye hisa chache kilikuwa karibu chote. Sheria ya Uganda nayo imeweka mfuko wa fidia kwa wateja wa madalali wenye leseni. Aliyempa fedha mtu wa bahasha hana mfuko wowote wa kumfidia.

Mwalimu akasema: "Basi leseni ni mahali pa kuanzia kudai." Naona amelisema vizuri kuliko mimi.

Siku iliyofuata nilikwenda mpaka Oraba. Malori yamepanga mstari, wanawake wanavuka na mabeseni ya mihogo, na ng'ambo ni Kaya ya Sudani Kusini. Wakakwa wako nchi zote tatu, na undugu wao haujawahi kusimama kwenye kizuizi. Sudani Kusini na Kongo sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya kwanza tangu mwaka 2016, ya pili tangu mwaka 2022, wala nchi hizo mbili hazina soko la hisa. Wasimamizi wa Kenya, Tanzania na Uganda wana chama chao cha ushirikiano tangu mwaka 1997. Hapa Oraba, palipo na biashara ya nchi tatu, ushirikiano huo ndio unaohitajika zaidi, kwa sababu kijana wa bahasha akifukuzwa Koboko kesho anafungua meza Kaya au Ariwara, kwa jamaa zake wale wale.

Undugu huo ndio ninaotaka kuusema waziwazi, kwa kuwa West Nile ilinifundisha ulivyo na nguvu. Katika nchi ambayo watu walikimbia mara kadhaa, na mwaka 1987 serikali ikabadilisha shilingi kwa kufuta sifuri mbili na kukata asilimia 30 juu yake, mtu anamwamini nani kama si ndugu yake? Matapeli wanalijua hilo. Hawaji na mgeni. Wanakuja na mpwa, na shemasi, na mke wa imamu. Kwa hiyo onyo linalosema "jihadharini na watu msiowajua" halimsaidii mtu wa Koboko hata kidogo. Anayepaswa kuulizwa leseni ni yule unayemjua, na inabidi iwe desturi isiyomvunjia heshima, kama Hajati anavyouliza kila mkutano tuliacha shilingi ngapi, na hakuna anayeona ametukanwa.

Kwa hiyo nina maombi kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo sheria yake imeipa pia kazi ya kuuelimisha umma. Orodha ile iandikwe kwa Kilugbara, Kikakwa, Kialur na Kiswahili, ibandikwe soko la Arua, kituo cha teksi Koboko, Oraba na kila ofisi ya kata. Isomwe Radio Pacis, isomwe tena, kwa lugha ambazo watu wanaota nazo. Wekeni ofisa Arua, hata mmoja, mwenye meza, simu na mamlaka ya kupokea shtaka la mama wa Lobule siku hiyo hiyo. Vikundi vya sanduku viko tayari. Viongozi wao wafundishwe kuisoma orodha, nao watafundisha wengine, kwa kuwa kulinda fedha za watu wameshakujua.

Nawe ndugu msomaji, popote ulipo, Arua au Bukavu au Muscat: ukiletewa mahali pa kuweka fedha, uliza kampuni ina leseni ya msimamizi gani, kisha itafute wewe mwenyewe katika orodha ya msimamizi huyo, usisubiri uonyeshwe. Uliza anayekushauri analipwa na nani. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, kamwe usilipe kwenye simu ya mtu. Na anayekuletea akiwa ni ndugu yako, uliza vivyo hivyo.

Orodha yangu niliiacha kwa Hajati. Aliibandika ndani ya kifuniko cha sanduku.